Alama Kumi Nilizotia Bila Kuuliza

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua nyepesi, ile isiyofukuza hata kuku.

Nimekaa jikoni kwa sababu hapa ndipo kuna joto. Vidole vyangu vimeshika weusi wa majani ya chai, nimevinawa mara mbili na havitaki kutakata. Moyo wangu umetulia. Sikulitarajia hilo wiki hii.

Nimekuwa nikiandika hapa tangu nilipomaliza kidato cha nne, na nadhani wanaonisoma ni watu wachache waliopotea njia wakitafuta kitu kingine. Hiyo inanifaa. Mimi si mtu wa kusema. Shuleni niliweza kumaliza muhula mzima bila kuinua mkono, hata nilipolijua jibu. Hapa angalau sioni uso wa mtu.

Leo nataka kukiri jambo.

Nilidanganya kwa kalamu. Nilidanganya kuhusu afya ya baba yangu, na wakati nikifanya hivyo niliamini kwamba ninamheshimu.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, amevuta sigara tangu kabla sijazaliwa. Sisi ni Wasabato, na katika kanisa letu mtu anayevuta hapewi hata kazi ya kukusanya sadaka. Kwa hiyo Tata huketi benchi la mwisho karibu na mlango, huimba vizuri kuliko wazee wote wa mbele, na ibada ikiisha huwa wa kwanza kutoka. Kila mtu anajua. Hakuna anayesema. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapenda tu hewa ya mlangoni.

Mwaka huu kikohozi chake kilibadilika. Tukiwa shambani alikuwa akisimama katikati ya mstari wa chai, anashika kichaka kama mtu aliyeshika mkono wa kiti, anasubiri pumzi irudi, kisha anaendelea kuchuma kana kwamba alikuwa akitazama hali ya hewa. Sisi tulijifanya hatuoni.

Mama Kerubo aliona. Mama Kerubo ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Hupita nyumba kwa nyumba na mkoba wake mgongoni na simu anayojazia majibu yetu, na ni mtu ambaye huwezi kumwambia “tuko salama” akaondoka. Alimwuliza Tata amekohoa kwa muda gani, akampa kikopo cha makohozi, na siku ya majibu akaenda naye zahanati yeye mwenyewe. Kifua kikuu hakikuwepo. Tulishukuru Mungu. Lakini daktari wa zahanati, kijana mpole anayesema taratibu, alimwambia kwamba mapafu yake yamechoka. Akiacha sigara sasa ataendelea kupumua vizuri kiasi. Asipoacha, itafika siku atashindwa kukipanda kilima cha nyumbani kwake.

Tata alirudi nyumbani. Asubuhi akamwambia Mama Kerubo kwamba yuko tayari.

Pale zahanati kuna kikundi cha watu wanaotaka kuacha tumbaku. Hukutana kila Alhamisi kwenye veranda, baada ya akina mama wa kliniki kwenda nyumbani. Kila mmoja hupewa karatasi yenye visanduku, kisanduku kimoja kwa kila siku, na huambiwa atafute mtu wa nyumbani wa kumwuliza kila jioni kama amevuta. Kama hakuvuta, unatia alama ya vema. Kama alivuta, unatia mkasi, mistari miwili iliyokatana.

Mama alikuwa tayari kuifanya kazi hiyo. Mama Kerubo akakataa papo hapo.

“Mke akiuliza, hilo si swali tena,” alisema. “Ni kesi.”

Mama alicheka mpaka akashika mlango, kwa sababu ni kweli. Wamegombana juu ya sigara miaka mingi. Tena yeye huuza ndizi soko la Daraja Mbili, na siku za soko hurudi amechoka, hana nguvu ya kumwuliza mtu chochote. Hapo Mama Kerubo akageuka akanitazama mimi. Akasema nimemaliza shule, nina mwandiko mzuri, na sina maneno mengi. Ndiye huyu, akasema.

Sina maneno mengi. Tatizo lilianzia hapo.

Kwetu kuna mpaka kati ya baba na binti aliyekua. Tunauita chinsoni, ni aibu na heshima kwa pamoja. Hatuzungumzii mambo ya mwili. Nikiwa mgonjwa, Tata humwuliza Mama, na Mama huniuliza mimi. Nikishuka mtoni nikamkuta anaoga, hurudi nilikotoka na ndoo tupu. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha haya, niliyanyonya tu.

Na sigara ya Tata ilikuwa ndani ya mpaka huo. Yeye huvutia nyuma ya zizi. Nikipita na majani ya ng'ombe, mimi hutazama upande wa pili na yeye huficha mkono. Tumefanya hivyo miaka yote bila kupatana.

Sasa nilitakiwa nimkabili kila jioni nimwulize: leo umevuta?

Jioni ya kwanza alikuwa ameketi nje akisafisha kikapu chake cha kuchumia. Nilisimama mbele yake na kalamu mfukoni. Nikafungua mdomo, nikasema chai iko tayari. Akasema haya, anakuja. Nikaingia ndani nikatia alama ya vema.

Nilijiambia kwamba hakuvuta, maana sikusikia harufu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nilikuwa nikianika koti lake na harufu ilikuwa pale, mbichi kabisa. Nikajiambia ni koti la zamani. Vema.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Siku nyingine nilitia alama kabla ya chakula cha jioni, ili jambo hilo liishe nile kwa amani. Zilikuwa alama nzuri, zimenyooka kama za mwalimu. Naona aibu kukumbuka kwamba nilizifurahia.

Sikudhani namdhuru mtu. Niliwaza kwamba karatasi ikipendeza itampa Tata moyo. Tena mkasi niliuona kama mashtaka. Binti gani humshtaki baba yake mbele ya watu, tena kwa maandishi?

Alhamisi ya kwanza daktari alikuwa ametuambia kwamba kuna dawa za kumsaidia mtu ambaye hamu inamlemea, na kwamba zinapatikana hospitali kubwa kule Kisii mjini. Angempa barua yeyote ambaye wiki ya kwanza ingemshinda. Akaishika karatasi yetu, akaona vema tatu, akasema Tata anaonekana ataweza bila dawa. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi. Nilitazama viatu vyangu. Tata naye alitazama vyake.

Alhamisi iliyopita ndiyo iliyovunja kila kitu.

Tulikuwa watu wanane hivi. Nyanya Bosibori alikuwepo, bikizee wa ugoro, ambaye anaishi peke yake na kuku wake na kwa hiyo hana wa kumwuliza. Hujiandikia mwenyewe kwa kipande cha mkaa. Karatasi yake ilikuwa chafu, imejaa mikasi. Alimwonyesha daktari kisanduku kimoja kitupu akasema siku hiyo haikumbuki vizuri, basi waandike tu kwamba alinusa, maana anajijua. Watu walicheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Kisha Mama Kerubo akainua karatasi yetu juu. Vema kumi, mstari mmoja. Akasema huu ndio mfano, akamwomba Tata asimame awaeleze wenzake alifanyaje. Watu wakapiga makofi.

“Simama, Baba Kemunto,” Nyanya Bosibori akamwambia. “Simama tuyaone hayo mapafu mapya.”

Tata alisimama. Akavua kofia. Nilijua, kabla hajasema neno, nilijua. Nilitamani sakafu ya veranda ipasuke. Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema ni maombi, kila mtu angeitikia amina na tungerudi nyumbani. Alinitazama kidogo, na hakuwa na hasira, ndipo akawageukia.

“Karatasi hiyo imeandikwa na mtoto mwenye adabu,” alisema. “Mimi nimevuta siku nne. Jana pia nimevuta.”

Akaketi.

Hakuna aliyecheka. Kisha Nyanya Bosibori akashusha pumzi.

“Afadhali,” akasema. “Nilidhani niko peke yangu.”

Hapo wote wakacheka, na Tata akacheka nao, na kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho kilichukua muda mrefu. Tulikaa tukimsubiri. Hakuna aliyejifanya haoni.

Daktari hakukasirika. Alisema watu wengi hawaachi mara ya kwanza, hata ya pili. Akamwuliza Tata ni wakati gani hamu humshika zaidi, na Tata akajibu. Alisema ni kule kwenye kituo cha kupimia majani, anapopanga foleni na wanaume wenzake, maana hapo sigara huzunguka kutoka mkono hadi mkono na kuikataa ni kama kukataa salamu. Sijawahi kumsikia baba yangu akijieleza kwa maneno mengi hivyo.

Kisha daktari akaniuliza mimi kama nilikuwa nikimwuliza. Nikatikisa kichwa. Akasema tu kwamba kama angejua wiki iliyotangulia, angeiandika barua ya Kisii wiki hiyo hiyo.

Hakusema kwa ukali. Labda ndiyo maana iliniuma hivyo. Wiki nzima. Nilimnyima baba yangu msaada wa wiki nzima ili nisisikie aibu ya dakika moja.

Barua iliandikwa. Jumanne ijayo Tata atakwenda Kisii nayo, pamoja na karatasi ya visanduku, kwa sababu daktari wa huko atataka kuiona. Mama Kerubo alinipa karatasi mpya. Ile ya zamani aliikunja akaitia mkobani mwake, akanivuta pembeni, akaniambia kosa ni lake pia. Yeye ni mtoto wa hapa hapa, alisema, na alinipa kazi kama mtu ambaye hajui chinsoni ni nini. Akasema nikitaka, yeye mwenyewe atakuwa akimpigia Tata simu kila jioni, na mimi niwe huru.

Nilitaka kukubali. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilichelewa kulitoa, kama kawaida yangu, na Tata akawa tayari ameanza kutembea.

Njiani alitangulia yeye, mimi nikafuata nyuma hatua kadhaa, kama tunavyotembea siku zote. Tulipofika mahali njia inapoingia kwenye mikaratusi alisimama. Hakugeuka. Aliongea akiitazama njia iliyo mbele yake.

“Wewe una jina la mama yangu,” alisema. “Yeye aliniuliza kila kitu, hata kama nimeoga. Niulize kama yeye.”

Nikasema ndiyo, Tata.

“Na usiniandikie mazuri. Andika yaliyopo.”

Kisha tukaendelea kutembea.

Ni kweli kwamba nimepewa jina la nyanya, mama yake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu ni kawaida, wafu wetu hurudi kwa majina. Tata akiwa na furaha huniita mama, na siku zote nilidhani ni utani wa kunibembeleza. Sikujua kwamba jina linaweza kuwa ruhusa.

Ungedhani baada ya hapo ilikuwa rahisi.

Alhamisi jioni sikuuliza. Ijumaa nilitoka nje, nikasimama mbele yake, nikamwuliza ng'ombe ametoa maziwa kiasi gani. Jana nilijiambia ni Sabato na si vizuri kufanya kazi ya karatasi siku ya Sabato, na nilijua kabisa kwamba ninamtumia Mungu kama kisingizio. Visanduku vitatu vikabaki vitupu. Nilijifariji kwamba utupu si uongo. Lakini utupu hautamsaidia daktari wa Jumanne.

Leo asubuhi tulikwenda kuchuma. Ukungu ulikuwa bado chini, vilima vya upande wa pili vilikuwa havijatokea. Mama alikuwa amebaki nyumbani kufua. Tata alishika mstari wake, mimi nikashika wa pili, chai ikiwa katikati yetu hadi kiunoni.

Na hapo nikaona jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kulifikiri. Watu wanaochuma chai hawatazamani. Macho yako kwenye majani, mikono ina kazi yake. Ndiyo maana akina mama husemezana huku shambani mambo ambayo wakiwa wamekaa kwenye viti hawathubutu. Nimewasikia tangu utotoni. Chai inasikiliza yote na hakuna anayeona uso wa mwenzake.

Nilichuma kidogo. Nikachuma tena. Nilijaribu kuwaza nyanya angeulizaje, lakini sikuwahi kuisikia sauti yake, kwa hiyo nikatumia yangu, na ilitoka ndogo.

“Tata. Jana ulivuta?”

Mikono yake haikusimama.

“Moja,” alisema. “Baada ya kanisa.”

“Na juzi?”

“Juzi sikuvuta.”

“Alhamisi?”

“Alhamisi mbili. Nilikuwa na aibu ya zahanati.”

Tukachuma. Niliona masikio yangu yanawaka moto kwenye baridi ile. Nilidhani tumemaliza, na nilikuwa tayari kushukuru, alipoongea tena upande wa pili wa chai.

“Mama yangu angeuliza na ya leo asubuhi.”

“Na leo asubuhi?”

“Leo sijavuta, mama.”

Nilisikia kwamba anatabasamu. Sikumtazama. Ingekuwa kuharibu.

Vikapu vilipojaa alikaa juu ya jiwe akaniambia majani ya leo nipeleke mimi. Hakusema kwa nini, wala sikuuliza, kwa sababu hilo nilikuwa nalijua. Nilibeba mara mbili. Foleni ya kituoni ilikuwa ya wanaume tupu, wamesimama kwenye moshi wao, nami katikati na kikapu changu, nikitamani kuwa jani. Mmoja wao, rafiki wa Tata wa siku nyingi, akaniuliza mzee amejificha wapi leo, au ameolewa ndiyo maana anaogopa kutoka. Wengine wakacheka. Akaniambia nimpelekee salamu, nimwambie moto wake bado anawekewa.

“Usimwekee,” nilisema. “Haji.”

Maneno mawili. Nadhani ni ya kwanza kuwahi kuyasema kwenye foleni ile tangu nizaliwe. Yule mzee alinitazama, akaitazama sigara yake, akasema basi Kemunto apishwe mbele, mvua inakuja. Sijui kama ilikuwa dhihaka au wema. Nilipita mbele.

Niliporudi nilijaza visanduku. Alhamisi, mkasi. Ijumaa, vema. Jumamosi, mkasi. Si karatasi ya kuinuliwa juu ili watu wapige makofi. Ile vema moja katikati ya mikasi miwili ndiyo alama ya kwanza ninayoijua ilikotoka.

Sijui Tata ataacha lini. Sijui kama dawa za Kisii zitamfaa, au kama mapafu yake yatatosha kwa miaka ninayotaka awe nayo. Namwomba Mungu kila siku kuhusu hilo, na pia namwomba anisamehe zile kumi. Ninachoweza kufanya ni kidogo sana, ni swali la maneno mawili. Lakini jikoni hakuna chai ya shambani ya kujificha nyuma yake, na jioni ya leo itabidi nimwulize uso kwa uso.

Kisanduku cha leo bado ni kitupu. Amemaliza kukamua. Namsikia mlangoni akivua gambuti zake, moja, halafu ya pili.

Naenda kumwuliza.